Sufuria Yenye Thamani ya Ng'ombe 12: Vyombo vya Bronzi vya Wagiriki wa Kale

Mwezi Februari 2025, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliirudishia Ugiriki kichwa kidogo cha bronzi cha grifini, yule mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha tai. Kichwa hicho kilitengenezwa katika karne ya 7 kabla ya Kristo (KK), kikaokotwa mwaka 1914 kwenye mto Kladeos huko Olympia, kisha kikaibwa, kikauzwa, na mwishowe kikafika Marekani. Ukiitazama picha yake, mdomo uliopinda ukiwa wazi na masikio yamesimama wima, ni rahisi kudhani kwamba ni kipande cha sanamu, na kujiuliza mwili wake ulipotelea wapi.

Hapakuwa na mwili wowote. Kichwa hicho kilifungwa begani mwa sufuria, pamoja na vingine vya aina yake, vyote vikitazama nje, vikiizunguka sufuria nzima, na sufuria za namna hiyo zilitolewa kwa miungu.

Ukishalijua hilo, swali linabadilika. Fundi aliyeweza kuunda uso wa namna ile alikuwa na sababu gani ya kuubandika kwenye sufuria? Na kwa nini sufuria ipelekwe mbele ya mungu ikaachwe huko? Tumezoea kuiona sufuria kama mali ya jikoni, basi. Kwa Wagiriki wa kale, chombo cha bronzi kilichotiwa nakshi kilibeba utajiri, heshima, ibada na hata msiba, na mara nyingi chombo kimoja kilibeba hayo yote kwa zamu.

Bronzi ni nini hasa

Tuanze na metali yenyewe, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapa. Katika mazungumzo ya kila siku tunaita shaba vitu vitatu tofauti. Kuna shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, ambayo ni metali safi. Kuna shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Na kuna bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na stani (kwa Kiingereza, tin). Vyombo tunavyovizungumzia hapa ni vya bronzi. Kwa kawaida mchanganyiko ulikuwa karibu sehemu 9 za shaba kwa sehemu 1 ya stani.

Stani hiyo kidogo inafanya kazi kubwa. Shaba tupu ni laini na huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085. Ikitiwa stani inakuwa ngumu zaidi, inayeyuka kwenye joto la chini kidogo, na inapomiminwa inatiririka vizuri hadi kwenye pembe ndogo kabisa za kalibu. Ndiyo maana nywele za farasi mdogo aliye kwenye ukingo wa chombo zinaweza kuonekana moja moja.

Tatizo lilikuwa kuipata. Shaba ilipatikana kwa wingi kisiwani Cyprus, lakini stani ilibidi isafirishwe kutoka mbali sana. Meli iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 KK karibu na Uluburun, kusini mwa Uturuki, na kugunduliwa mwaka 1982, ilikuwa imebeba takribani tani 10 za shaba na tani 1 ya stani. Uwiano huo ni wa bronzi yenyewe, kana kwamba mwenye mzigo alijua kabisa unakwenda kupikwa kitu gani. Meli hiyo ni ya zamani kuliko vyombo vingi nitakavyovitaja, ila inaonyesha kwamba kila kilo ya bronzi ilikuwa na safari ndefu nyuma yake, na bei yake ilifuata safari hiyo.

Hapa niondoe dhana moja inayowapoteza wengi. Mtu akisikia bronzi, anafikiria Zama za Bronzi, na anadhani chuma kilipoingia bronzi iliachwa. Sivyo. Panga na jembe vilihamia kwenye chuma, lakini vyombo vya fahari vilibaki kuwa vya bronzi, na vingi kati ya vile vizuri kuliko vyote vilifuliwa karne nyingi baada ya chuma kuenea. Chuma kinashika kutu upesi na mafundi wa wakati ule hawakuwa na njia ya kukiyeyusha na kukimimina. Kwa kazi ya nakshi hakikuweza kushindana na bronzi.

Mwili wa nyundo, mikono ya nta

Ukichukua mtungi wa bronzi wa Kigiriki ukaugeuza polepole, utagundua kwamba umetengenezwa kwa njia mbili zisizofanana.

Mwili umefuliwa. Fundi alianza na kisahani kinene cha bronzi, akakigonga kwa nyundo juu ya fuawe hadi kikawa ukuta mwembamba. Bronzi ikigongwa sana inakakamaa na kuanza kupasuka, kwa hiyo kila baada ya muda ilirudishwa motoni, ikapashwa hadi ikawa nyekundu, ikalainika, kisha nyundo zikaendelea. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi mno. Kosa moja karibu na mwisho lingeweza kutoboa kitu kilichogharimu siku nyingi.

Mikono, miguu na mdomo wa chombo, pamoja na wale simba, nyoka na sura za miungu, vilisubiwa. Fundi aliunda umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaliweka motoni. Nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha uwazi ndani ya udongo, na bronzi iliyoyeyuka ikamiminwa mahali pake. Udongo ulipovunjwa, umbo lilitoka, na kalibu ile haikuweza kutumika tena. Kisha vipande vikaunganishwa na mwili kwa ribiti au kwa kulehemu, na mwisho patasi ndogo zikapita kuchora manyoya, mikunjo ya nguo na majani ya mzabibu. Vyombo vya ghali zaidi vilipambwa kwa vipande vya fedha au shaba nyekundu vilivyopachikwa ndani ya bronzi, ili rangi zitofautiane.

Tofauti hii ya mbinu ndiyo inayoeleza mambo yalivyo makumbusho leo. Ukuta mwembamba wa mwili unaliwa na ardhi, unabonyea na kuwa vumbi la kijani. Mikono na vichwa, kwa kuwa ni vinene, vinabaki. Kwa hiyo makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yana mikono ya mitungi isiyo na mitungi, na vichwa vya grifini visivyo na sufuria. Mgeni anaviona kama visanamu vilivyojitegemea, na hakuna wa kumlaumu.

Majina machache ya kujua

Wagiriki walikuwa na jina kwa karibu kila umbo, na majina hayo huwatisha wasomaji bila sababu. Matatu yanatosha kwa makala hii. La kwanza ni sufuria ya miguu mitatu, ambayo asili yake ilikuwa chombo cha kuchemshia maji na nyama juu ya moto. La pili ni hidria, mtungi wa maji wenye mikono mitatu: miwili ya pembeni kwa kuuinua ukiwa umejaa, na mmoja wa nyuma kwa kumimina. La tatu ni kratera, chombo kikubwa chenye mdomo mpana cha kuchanganyia divai na maji.

Kratera inahitaji neno zaidi. Wagiriki hawakunywa divai tupu. Waliichanganya na maji, na kunywa bila kuchanganya waliona ni tabia ya washenzi. Kwa hiyo katika karamu za wanaume wenye uwezo, kratera ilikaa katikati ya chumba, na kila aliyekunywa alipata kinywaji chenye nguvu ileile kutoka chombo kilekile. Kando yake palikuwa na ndoo, upawa wa kuchotea, chujio la kuondoa masimbi na jagi la kumiminia. Nyumba tajiri ilikuwa na seti hiyo kwa bronzi, nyumba ya kawaida ilikuwa nayo kwa udongo, nyumba ya maskini haikuwa na karamu ya namna hiyo.

Chombo kama akiba

Njia rahisi ya kuelewa thamani ya vyombo hivi ni kuifikiria dhahabu ya mama katika nyumba nyingi za kwetu. Anaivaa harusini, watu wanaiona na kujua familia ile ni ya nani. Siku ya kawaida imefungwa kabatini. Shida ikija inawekwa rehani, ikizidi inauzwa kwa uzito, na sonara anaiyeyusha bila kujali nakshi yake. Bintiye akiolewa, anapewa. Pambo na akiba ni kitu kimoja. Bronzi ya Wagiriki ilifanya kazi hiyohiyo, hasa kabla ya sarafu kuenea.

Utenzi wa Homer unaotuhadithia vita vya Troya, Iliad, una sehemu inayoonyesha jambo hili waziwazi. Katika kitabu cha 23, Achilles anaandaa michezo kwa ajili ya mazishi ya rafiki yake Patroclus, na zawadi zinatajwa moja baada ya nyingine. Katika mbio za magari ya farasi, mshindi wa tatu anapewa sufuria nzuri ambayo haijawahi kuguswa na moto, bado inang'aa. Mshindi wa nne anapewa talanta mbili za dhahabu, talanta ikiwa kipimo cha uzito. Msomaji wa leo hushangaa na kudhani mpangilio umekosewa. Ni kweli kwamba talanta ya Homer inaonekana kuwa ndogo kuliko ile ya baadaye, lakini bado ujumbe uko wazi: sufuria mpya ya bronzi ilistahili kukaa juu ya dhahabu katika orodha ya heshima.

Katika mieleka, zawadi ya mshindi ni sufuria kubwa ya miguu mitatu, ambayo Wagiriki waliokuwepo waliithamini kwa ng'ombe 12. Aliyeshindwa anapata mwanamke mwenye ujuzi wa kazi nyingi, aliyethaminiwa kwa ng'ombe 4. Inauma kusoma mistari hiyo. Lakini haifai kuiruka, kwa sababu inatuambia bei ya bronzi na bei ya mtumwa kwa pumzi moja, na inatukumbusha kwamba fahari tunayoisifu leo ilikaa ndani ya jamii iliyouza watu.

Ile sifa ya "haijaguswa na moto" inajibu swali jingine linaloulizwa mara kwa mara: je, vyombo hivi vilitumika kweli au vilikuwa vya kuonyesha tu? Vyote viwili. Homer mwenyewe anatofautisha sufuria za kuweka motoni na zile ambazo hazijawahi kuwekwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, sufuria za miguu mitatu zilizidi kuwa kubwa, ndefu na zenye mapambo mengi, hadi nyingine zisingefaa tena kupikia chochote. Umbo lilibaki la jikoni, kazi ikawa nyingine.

Desturi ya kutoa bronzi kama zawadi ya ushindi haikuishia kwenye utenzi. Makumbusho ya Metropolitan yana hidria ya karne ya 5 KK yenye maandishi mdomoni yanayosema kwamba ni moja ya zawadi kutoka kwa Hera wa Argos, yaani ilitolewa kwenye michezo ya mungu huyo mke. Na mwaka 1977, Manolis Andronikos alipofukua makaburi ya wafalme wa Makedonia huko Vergina, ndani ya kaburi ambalo watafiti wengi wanalihusisha na Philip II, baba yake Alexander, alikuta sufuria ya miguu mitatu yenye maandishi yanayoitaja michezo hiyohiyo. Sufuria hiyo ilitengenezwa katika karne ya 5 KK, kabla Philip hajazaliwa. Kwa hiyo ushindi wa mtu wa zamani ulitunzwa hadi ukaingia kaburini na mfalme.

Mbele ya miungu

Sasa turudi kwenye swali la hekalu. Wagiriki walipoweka nadhiri, au walipopata ushindi, faida au uokovu, walimtolea mungu kitu cha thamani. Na kama kitu cha thamani katika jamii yao kilikuwa sufuria ya bronzi, ni jambo la kawaida kabisa kwamba mungu alipewa sufuria ya bronzi. Huko Olympia, sufuria za miguu mitatu zilianza kurundikana tangu karne ya 9 na ya 8 KK. Karne ya 7 KK ndipo vikaja vichwa vya grifini, baada ya Wagiriki kuona vyombo vya Mashariki ya Karibu vilivyopambwa kwa vichwa vya ng'ombe na viumbe vyenye mabawa, wakachukua wazo na kulifanya lao. Olympia na kisiwa cha Samos ndiko vilikopatikana kwa wingi.

Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasimulia habari ya Kolaios, nahodha wa Samos, ambaye upepo ulimpeleka hadi Tartessos, pande za Hispania ya leo. Huko alifanya biashara ya faida kubwa mno. Waliporudi, walitenga sehemu ya kumi ya faida, talanta 6, wakatengeneza kratera ya bronzi iliyozungukwa na vichwa vya grifini, wakaiweka katika hekalu la Hera ikiwa imebebwa na majitu matatu ya bronzi yaliyopiga magoti, kila moja na urefu wa dhiraa 7. Zaka ya baharini, kwa ufupi, iliwekwa mahali ambapo kila mfanyabiashara aliyepita angeiona.

Athens ilikuwa na njia yake. Tajiri aliyegharimia kwaya ikashinda katika sherehe za Dionysos alipewa sufuria ya bronzi ya miguu mitatu, naye akaisimamisha hadharani kwa gharama zake. Zilipangwa kando ya barabara iliyoitwa kwa jina lao, na hadi leo mtaa mmoja wa Plaka, mji mkongwe wa Athens, unaitwa Tripodon. Lysicrates, ambaye kwaya yake ilishinda mwaka 335/334 KK, alijenga mnara mzuri wa marumaru kwa ajili tu ya kuibeba sufuria yake. Mnara bado upo, watalii wanaupiga picha kila siku. Sufuria haipo.

Zawadi iliyovuka mipaka

Herodotus ana kisa kingine. Wasparta walitaka kumshukuru Croesus, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa utajiri, wakamtengenezea kratera ya bronzi yenye maumbo kuzunguka ukingo wote kwa nje, iliyoweza kubeba ujazo wa amfora 300, yaani mitungi mikubwa ya mikono miwili. Haikumfikia. Wasparta walidai kwamba watu wa Samos waliiteka baharini. Wasamos walidai kwamba waliokuwa wakiipeleka walisikia Croesus ameshaanguka mikononi mwa Waajemi, wakaiuza. Kila upande ulikuwa na sababu ya kusema ulichosema, na sioni namna ya kuwaamulia.

Ilikuwa rahisi kufikiri kwamba Herodotus alitia chumvi. Chombo cha bronzi chenye ukubwa huo kilionekana kama hadithi. Kisha, Januari 1953, karibu na kijiji cha Vix huko Burgundy, Ufaransa, likafunguliwa kaburi la mwanamke wa tabaka la juu, aliyezikwa mwishoni mwa karne ya 6 KK na mkufu mzito wa dhahabu na gari la magurudumu. Pembeni yake palikuwa na kratera ya Kigiriki yenye urefu wa mita 1.64, uzito wa kilo 208 na uwezo wa kubeba takribani lita 1,100. Shingoni mwake kumezungushwa msafara wa magari ya farasi wanne wanne na askari wa miguu, na mikono yake imekalia sura za Gorgon, yule kiumbe mwenye nywele za nyoka.

Nimekuwa nikirudi kwenye kratera hii kila ninaposoma habari za bronzi, na kinachonivuta zaidi ni jambo dogo. Maumbo ya shingoni yalisubiwa kando moja moja, na nyuma yake zimechorwa herufi za Kigiriki zinazolingana na alama kwenye shingo ya chombo. Fundi alikuwa akijiwekea kumbukumbu: kipande hiki kinakaa hapa, kile kule. Herufi hizo zimewafanya wataalamu wabishane kama karakana ilikuwa Sparta au kwenye miji ya Wagiriki kusini mwa Italia. Kwa vyovyote, mwanamke aliyezikwa nayo hakuwa Mgiriki. Vix ilikuwa karibu na mto Seine, kwenye njia ya bidhaa za kaskazini, na wapo wanaofikiri kwamba stani ilikuwa mojawapo. Mtawala aliyeshika njia kama hiyo alistahili kubembelezwa kwa zawadi ambayo haijawahi kuonekana nchini mwake.

Kaburini

Mwaka 1962, huko Derveni karibu na Thessaloniki, makaburi ya karne ya 4 KK yalitoa kratera nyingine, ndogo kuliko ya Vix lakini ya ustadi wa hali ya juu. Ina urefu wa sentimita 90 hivi na uzito wa kilo 40. Upande mmoja Dionysos, mungu wa divai, ameketi na mkewe Ariadne, amelaza mguu wake juu ya paja la mke. Kuwazunguka, wanawake waliopandwa na pepo la mungu huyo wanacheza hadi nguo zinawavuka. Mizabibu ya fedha imepachikwa juu na chini. Mdomoni pameandikwa kwa fedha jina la mwenyewe: Astion, mwana wa Anaxagoras, wa Larisa.

Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyochomwa ya mwanamume na ya mwanamke aliyekuwa na umri mdogo kuliko yeye. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya karamu kikawa jeneza. Si ajabu kwa Wagiriki. Hidria nyingi nazo ziliishia kuhifadhi majivu ya wenyewe.

Kratera ya Derveni inang'aa kwa rangi ya dhahabu, na wengi wanaoiona husema ni ya dhahabu au imepakwa dhahabu. Haina dhahabu. Fundi aliongeza stani hadi karibu asilimia 15, na hiyo ikatosha kuigeuza rangi. Hili linagusa kosa jingine la kawaida, la kudhani kwamba bronzi ya Wagiriki ilikuwa ya kijani. Ule ukijani ni kutu ya miaka zaidi ya 2,000 ardhini. Chombo kilipotoka karakana kilimeremeta kati ya rangi ya asali na dhahabu, na watumishi wa nyumba walikuwa na kazi ya kukisugua kibaki hivyo.

Basi kwa nini tunaviona vyungu tu?

Mtu akitaja vyombo vya Wagiriki, picha inayomjia ni chungu cha udongo chenye watu weusi juu ya rangi ya matofali. Vyungu hivyo viko kila mahali, vimechapishwa kwenye vitabu vya shule, na vimetufanya tuamini kwamba ndivyo vilivyokuwa fahari ya nyumba. Ni vizuri kweli. Lakini mfinyanzi wa Athens mara nyingi alikuwa akimtazama mfua bronzi. Kuna vyungu vyenye vichwa vya ribiti vilivyofinyangwa kwa udongo mahali ambapo ribiti haina kazi yoyote, na vina mikono myembamba ambayo ina maana kwa metali na kuvunjika kwa udongo. Wataalamu hawajakubaliana uigaji huo ulifika wapi. Kuhusu kipi kilikuwa ghali, hakuna ubishi.

Udongo umeshinda kwa sababu ya unyonge wake. Kigae hakina bei, kinatupwa, kinakaa jalalani karne 25 kikisubiri mchimbaji. Bronzi haitupwi. Ikipasuka inayeyushwa, ikipitwa na mtindo inayeyushwa, vita vikija inageuka kofia za askari na ncha za mikuki, na baadaye sarafu, kengele na mizinga. Hata mali ya miungu haikuwa salama. Baada ya kuwashinda Waajemi huko Plataea mwaka 479 KK, Wagiriki walitoa sufuria ya dhahabu ya miguu mitatu huko Delphi, ikakaa juu ya nguzo ya bronzi ya nyoka watatu waliosokotana. Katikati ya karne ya 4 KK, Waphokis, majirani wa Delphi walioliteka hekalu lake, waliiyeyusha dhahabu ile kulipa askari wa kukodiwa. Nguzo ilihamishiwa Constantinople karne nyingi baadaye, na bado imesimama Istanbul.

Warumi waliongeza tamaa ya aina nyingine, ya mkusanyaji. Walivipenda mno vyombo vya Korintho, na hadithi ikaenea kwamba bronzi ya mji huo ilizaliwa kwa bahati, pale jeshi la jemadari wa Kirumi Mummius lilipouchoma mwaka 146 KK na dhahabu, fedha na shaba zikayeyukia pamoja. Hadithi hiyo bado inasimuliwa. Pliny, Mrumi aliyeandika karne ya 1 baada ya Kristo, alikwisha kuonyesha kasoro yake: mafundi waliosifiwa kwa vyombo hivyo walikufa muda mrefu kabla ya moto. Strabo, mwanajiografia, anaeleza kwamba walowezi waliopelekwa na Julius Caesar kuujenga upya mji waliyafukua makaburi ya Korintho, na vyombo vya wafu vikajaa Roma.

Kwa hiyo vilivyobaki ni vile vilivyojificha vizuri: kaburini mbali na Ugiriki, chini ya bahari, kisimani, mtoni. Au chumbani chini ya ardhi, kama kile kilichofunguliwa mwaka 1954 huko Paestum, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia. Ndani mlikuwa na vyombo 8 vya bronzi vya karne ya 6 KK, hidria 6 na amfora 2, vyenye mabaki ya kitu kizito chenye kunata. Wafukuaji walidhani ni asali. Vipimo vya miaka iliyofuata havikuipata, na watu wakaanza kusema ni mafuta ya aina fulani. Mwaka 2025, watafiti wa Oxford walipima upya kwa vyombo vya kisasa wakakuta sukari, nta na protini za nyuki. Ilikuwa asali kweli, na wanaona kwamba shaba iliyomo kwenye bronzi, ambayo huua vijidudu, huenda ndiyo iliyosaidia sukari hiyo isipotee.